Mwali wa Buluu

Kabla ya kugusa utambi au mafuta, mzee huyu huanza na bakuli la maji. Analijaza hadi karibu na ukingo, analiweka juu ya friji, kisha anachuchumaa mpaka jicho lake liwe sawa na maji. Upande wa ukutani maji yanaukaribia ukingo zaidi, maana yake friji imeinamia ukutani. Mjukuu wake anamletea kijipande cha mninga. Anakisukuma chini ya mguu wa nyuma, anachungulia, anakitoa, anakichonga kwa kisu, anakirudisha. Anarudia hivyo bila kuguna wala kuharakisha. Mwisho maji yanatulia sawa pande zote, naye anajifuta mikono na kusema friji sasa imekaa.

Ni friji ya mafuta ya taa, nyeupe, ya mlango mmoja, ya aina iliyotunza chanjo katika hospitali na zahanati zetu zisizo na umeme. Haina mota, haina pampu, haina kitu chochote kinachozunguka. Nyuma yake yamepangwa mabomba yaliyozibwa kiwandani, na ndani yake mna maji, amonia na haidrojeni. Mwali mdogo chini unayapasha moto maji yenye amonia. Amonia inapanda ikiwa mvuke, inapoa huko juu na kuwa kimiminika, inateremka mpaka kwenye chumba cha barafu, inakutana na haidrojeni na kugeuka mvuke tena. Katika kugeuka huko inakinyang'anya chumba kile joto lake. Kisha inanyonywa na maji na safari inaanza upya. Kinachoiendesha safari hiyo yote ni moto na mteremko wa mabomba. Friji ikiinama, kimiminika kinatuama pasipotakiwa, na ubaridi unakufa hata kama moto unawaka vizuri.

Nimekuja Tabora kumtazama akifanya kazi hii. Alikuwa fundi wa hospitali ya misheni katika mkoa huu, sasa amestaafu, na ameniomba nisiliandike jina lake. Mkoa huu una hospitali kadhaa za namna hiyo: Ndala ya Wakatoliki, Sikonge ya Wamoraviani, Nkinga ya Wapentekoste. Zote zilikaa mbali na mitambo ya umeme ya mjini, kwa hiyo kila moja ilihitaji mtu wa kuangalia mashine, kisima, majiko ya kuchemshia vyombo na friji. Mtu huyo hakuwa na cheo kikubwa. Mganga alijulikana hadi vijiji vya mbali. Fundi alijulikana siku taa zilipozimika.

Miaka anayoikumbuka zaidi ni ile iliyofuata mwisho wa 1978. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka na kushika sehemu ya Kagera mwishoni mwa Oktoba mwaka huo. Magari ya umma na ya watu binafsi, malori kwa mabasi, yalikusanywa yaende vitani. Reli ya Kati, iliyoifuata kwa karibu njia ya kale ya misafara kutoka pwani, hugawanyika hapa Tabora: mkono mmoja huenda Kigoma, mwingine hupanda Mwanza, na kupitia Mwanza ndiko kulikokuwa na njia ya kuelekea mstari wa mbele. Dizeli ya kutoka Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 800 kwa reli, ilikuwa na kazi nyingine ya kwanza kabla ya kuwasha taa za wodi. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, lakini mafuta hayakurudi. Mapinduzi ya Iran yalikuwa yameipandisha bei dunia nzima, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika tangu 1977, na hazina ilikuwa imetumika vitani. Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Mkanda ulifungwa kwa miaka. Ilifika mahali magari binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana.

Mpango wa chanjo wa taifa ulikuwa umeanza 1975, mchanga kabisa. Surua, polio, kifaduro, pepopunda, dondakoo na kifua kikuu vilikuwa na kinga yake ndani ya vichupa, na vichupa vilihitaji baridi isiyokatika kutoka kiwandani hadi kwa mtoto. Kwa hesabu za mzee, friji yake ilikula takriban lita moja ya mafuta ya taa kwa siku. Lita hiyo moja ndiyo iliyomfunza ufundi.

Sasa analivuta tanki kutoka chini ya friji. Ni bapa, na limekaa kwenye reli ndogo ili litoke bila kumwaga. Mafuta hayamimini moja kwa moja kutoka kwenye dumu. Anaweka faneli, juu ya faneli kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara mbili, na kumimina taratibu huku akikitazama kitambaa. Mafuta ya siku zile za shida yalifika yamepita mikononi mwa watu wengi, na kila mkono uliongeza chake: kutu ya pipa, vumbi, wakati mwingine maji. Maji ndiyo mabaya zaidi. Tone likifika kwenye utambi, mwali hupepesuka na kutoa mlio mdogo wa kukaanga, na usiku unaweza kuzimika watu wamelala. Halijazi tanki hadi juu, wala haliachi likauke, kwa sababu utambi ukikosa mafuta hujila wenyewe.

Utambi ni wa duara, umezunguka kichomeo. Anaupandisha kidogo na kuutazama ukingo wake. Mweusi wa jana umejikusanya upande mmoja zaidi ya mwingine. Kipo kifaa cha kuusawazisha, kijikofia cha bati chenye meno, kinachovishwa juu yake na kuzungushwa. Anakizungusha kuelekea upande uleule siku zote, ili nyuzi zilale pamoja. Mabaki yanadondoka kama unga. Hakati kwa mkasi, kwani mkasi huacha pembe, na pembe moja tu huzaa ulimi wa moto wa njano. Utambi ukiwa mpya huuloweka kwanza na kuuacha unywe mafuta mpaka ncha ya juu kabla ya kuuonyesha kiberiti.

Anawasha. Mwanzoni moto ni wa njano na unacheza. Anaupunguza, anasubiri kichomeo kipate joto, anaupunguza tena. Polepole rangi inabadilika kuanzia chini, njano inapanda na kufifia, na kinabaki kiduara cha buluu kilichotulia, kifupi, kisicho na sauti. Ameweka kioo kidogo sakafuni ili auone mwali bila kulaza shavu chini. Anautazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Naona kwamba anatazama ukingo wa juu wa kiduara kile, pande zote, akitafuta mahali ambapo buluu inachanika.

"Wageni wote walifanya kosa moja," ananiambia. "Friji ikipata joto, waliongeza moto."

Moto mkubwa ni wa njano, na moto wa njano una moshi. Moshi huacha masizi ndani ya bomba linalopanda nyuma ya friji, na masizi ni blanketi: joto linapita katikati na kutokea juu bila kuyagusa maji ya amonia. Kwa hiyo mafuta yanaongezeka na ubaridi unapungua. Mtu asiyejua huongeza tena. Katika hospitali ambayo dumu moja lilisubiriwa kwa wiki, kosa hilo liliweza kula akiba ya mwezi na kuharibu chanjo vilevile.

Yeye hugeuza kitufe cha utambi kwa upana wa ukucha, kisha hurudi kesho. Friji hii haijibu haraka. Ukibadilisha mwali asubuhi, kipimajoto kitakupa jibu la kuaminika siku ya pili. Anayegeuza asubuhi, mchana na jioni hujikuta anajibizana na friji ya jana. Kuna ustadi mkubwa katika mkono unaoweza kukaa bila kugusa, nami nimeuona nikiwa nimekaa naye kwenye kigoda: kipimajoto kinasema nyuzi 9, moja zaidi ya inavyotakiwa, na mzee, aliyekwisha kupunguza mwali kiasi alichotaka, anaondoka kwenda kuangalia kuku.

Kila wiki analisafisha bomba la moshi. Anazima, anasubiri lipoe, kisha anachomoa kutoka juu waya mrefu uliobeba kipande cha bati kilichosokotwa. Bati hilo huufanya moshi wa moto upande kwa kuzunguka, uguse kuta za bomba badala ya kukimbia. Ni kitu kidogo na mafundi wengi walikipoteza, wakidhani ni takataka iliyoangukia humo. Yeye anakisugua kwa brashi hadi bati lionekane, anapitisha brashi ndefu ndani ya bomba mara kadhaa, anakusanya masizi kwenye gazeti lililotandazwa juu ya kichomeo, na kukirudisha kwa urefu uleule wa waya. Urefu nao una maana: bati likishuka mno linausonga mwali, likipanda mno halifanyi kazi.

Enzi za hospitali, ndani ya friji kulikuwa na mpango wake. Polio, surua na kifua kikuu, zinazochukia joto, zilikaa rafu ya juu karibu na chumba cha barafu. Ya pepopunda, na ile ya pamoja ya dondakoo, kifaduro na pepopunda, zilikaa chini, mbali na barafu, kwani zikiganda zimekufa. Chini kabisa, ambapo wengine wangeweka soda, yalijaa machupa ya maji. Ndiyo iliyokuwa akiba yake. Maji yaliyokwisha kupoa hupata joto polepole, na mwali ulipozimika usiku, machupa hayo yalimnunulia mzee saa kadhaa. Mlango ulifunguliwa asubuhi na jioni tu, na nesi alijua anachotaka kabla ya kushika kitasa.

Na friji ikikataa kabisa? Imekaa sawa, mwali buluu, bomba safi, na bado haipoi? Hapo alifanya jambo ambalo lilinishangaza. Chanjo zilihamishiwa kwenye sanduku la barafu, moto ukazimwa, friji ikaachwa ipoe, kisha watu wawili wakaibinua miguu juu kichwa chini na kuiacha hivyo siku nzima. Vimiminika vilivyokwama mabombani vilijipanga upya. Waliisimamisha, wakaipumzisha tena kabla ya kuwasha. Si mara zote ilifufuka. Ilipofufuka, anasema, hakuwaambia watu haraka, alingoja kipimajoto.

Upande wa pili wa kazi yake ulikuwa mashine ya umeme, Lister ya dizeli kutoka Dursley, Uingereza, ya zile za mwendo wa pole zinazozunguka mara 650 kwa dakika. Yake imebaki hospitalini imekufa, lakini jirani ana ndugu yake inayosaga nafaka, nasi tunaenda huko. Kijana wa mashine anamsalimu kwa heshima, "Mwangaluka, babu," naye anaitika na kuomba ruhusa ya kuinama.

Dizeli, ananieleza, hulazwa. Pipa likifika halifunguliwi siku hiyo. Linasimamishwa kwenye kivuli, limeinama kidogo, mpaka maji na uchafu vishuke upande wa chini. Mafuta huchotwa kutoka juu, na sehemu ya mwisho haitumiki kwenye mashine: huachwa itulie tena kwenye kopo la kioo, ichujwe, na kilichobaki huoshea vyuma. Nozeli ya mashine ina upenyo mdogo sana, na punje moja ya kutu huubadilisha ukungu wa mafuta kuwa matone. Matone hayaungui yote. Huo ni moshi mweusi, na moshi mweusi ni dizeli uliyoilipia na kuitupa angani.

Kuiwasha ni kwa mkono. Anapima oili kwa kijiti chake, anainua kile kitufe kinachoifungua vali ili mashine isishindane na mzungushaji, anatia hendeli na kuanza kulizungusha gurudumu zito. Kijana anataka kumsaidia. Anakataa kwa upole. Gurudumu linapata kasi, anakiachia kitufe, na mshindo wa kwanza unatoka, kisha wa pili, kisha unakuwa mwendo. Hendeli tayari iko mkononi mwake, dole gumba likiwa upande mmoja na vidole vingine, jinsi anavyofundisha, ili hendeli ikirudi nyuma isiondoke na mkono wa mtu. Anasimama anasikiliza. Moshi wa ekzosi unaonekana kidogo tu.

Lakini ustadi wake mkubwa ulikuwa kujua lini isiwashwe. Mashine ya dizeli ikiendeshwa na mzigo mdogo, tuseme taa nne, haipati joto lake sawasawa. Mafuta hayaungui vizuri, na makaa hujijenga kwenye vali na ekzosi. Inakula na kujiumiza. Kwa hiyo kazi za hospitali alizikusanya. Pampu ya kisima, eksirei, upasuaji uliopangwa na kuchaji betri viliingia saa zilezile, mashine ikiwa imebeba mzigo wa kutosha. Tanki la maji lilikuwa juu ya mnara, na likijaa, maji yalishuka yenyewe wodini usiku kucha bila tone la dizeli. Vyombo vya upasuaji vilichemshwa kwa mvuke wa nyuzi 121 juu ya jiko la mkaa, kwani miombo ilikuwepo hata pasipokuwa na mafuta. Wodini ziliwaka chemli.

Leba na chumba cha upasuaji vilikuwa jambo jingine, na hapa mzee anapunguza sauti ya mazungumzo na kuwa makini. Usiku wa manane mama anahitaji kupasuliwa. Karabai ina mwanga mkali mweupe, ingemfaa daktari. Lakini dawa ya usingizi ilikuwa etha, na mvuke wa etha hushika moto. Ni mzito kuliko hewa, hushuka na kutambaa sakafuni. Karabai ndani ya chumba kile ingeweza kuua wote. Ndiyo maana betri za lori zilichajiwa mchana: taa ya mbele ya gari, imefungwa kwenye fito ya chuma yenye kiungo kinachogeuka, waya mnene, viungo vyote vimebanwa mapema ili pasiwe na cheche, na swichi nje ya mlango. Alikaa hapo nje na betri ya pili karibu. Mwanga ukianza kuwa wa manjano, aliunganisha ya pili sambamba kabla ya kuitoa ya kwanza, na daktari aliendelea kushona. Kwa maoni yangu huo ni ufundi wa kiwango cha daktari mwenyewe.

Ardhi hii ilikwisha kuona uhaba wa namna hiyo. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliifunga bahari, na koloni la Wajerumani likalazimika kujitengenezea: magarimoshi yalichoma kuni za pori, kwinini ilitengenezwa kutokana na magome ya miti, na mwaka 1916 karakana ya reli ya Lulanguru, karibu na hapa, ikageuzwa kiwanda cha sarafu za dhahabu. Sarafu hizo zimo katika makumbusho, na vitabu vinazisifu. Mafundi Waafrika wa karakana na tanuri za miaka ile sikuwaona wametajwa. Na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nchini Kongo, jambo lenyewe halijaisha: Januari 2025, vita vilipoingia Goma, umeme na maji vilikatika mjini huku majeruhi wakijaza hospitali. Nilipomsikiliza mzee akieleza kulaza dizeli, niliwafikiria mafundi wa kule.

Siku hizi friji nyingi za chanjo pasipo na umeme ni za sola. Mjukuu anasomea umeme katika chuo cha ufundi, na amefanya mazoezi kwenye moja isiyotumia betri kabisa: jua la mchana linagandisha barafu iliyozungushwa ndani ya kuta, na barafu hiyo inabeba usiku. Mzee alimwuliza maswali mengi kuhusu barafu hiyo, unene wake, inachukua siku ngapi za mawingu, na vumbi la Agosti kwenye paneli hufutwa na nani na saa ngapi.

Kisha akaleta daftari lake la zamani. Kila siku, asubuhi na jioni, Jumapili na sikukuu, ameandika nyuzi za friji, kimo cha mafuta kwenye pipa kilichopimwa kwa fito iliyotiwa alama, saa za mashine na kazi iliyofanywa. Kwa daftari hilo mganga mkuu aliweza kuambiwa Jumatatu ni upasuaji wa wagonjwa wangapi unaowezekana kabla ya behewa la tanki lijalo, na alipanga orodha yake hivyo. Mjukuu amelichukua na kuchora safu za daftari jipya la friji ya sola: tarehe, saa, nyuzi, hali ya mawingu, paneli zimefutwa au la. Mzee alilikagua, akachukua kalamu, akaongeza safu moja ya mwisho, ya jina la aliyesoma kipimajoto kwa macho yake mwenyewe.